Mmea Usio na Mwenyewe

Atokaye Mpuguso akaipanda milima ya mashariki hufika Uwanda wa Kitulo, uitwao Bustani ya Mungu. Hapana mkulima aliyeupanda. Na wakati wa mvua huchanua humo okidi za namna zaidi ya 40. Watu walizoea kuvichimba viazi vyake, vikavushwa hata Zambia, vikatwangwa pamoja na karanga, vikawa chakula kiitwacho chikanda. Mwaka 2005 serikali iliufanya uwanda huo kuwa hifadhi ya taifa, uchimbaji ukakatazwa.

Je, maskini amedhulumiwa? Yeye husema: mmea huu hauna mwenyewe, nami nina watoto. Hoja hiyo si ya kudharauliwa, na aichekaye ni aliyeshiba. Lakini tambua, okidi hizo zina viazi viwili, kimoja cha mwaka huu na kimoja cha mwaka ujao. Mchuma embe huuacha mwembe. Huyu hung'oa vyote viwili. Kitu kilicho cha watu wote, kila mmoja ana haki ya kunufaika nacho, wala hana haki ya kukimaliza, kwani baadhi ya washirika wake hawajazaliwa. Ama mfanyabiashara anunuaye kwa magunia, huyo hana njaa ya kusingizia, naye ndiye apasaye kuulizwa kwanza.