Ngozi Mpya Inataka Kivuli

Mwaka 1780 mkemia Carl Wilhelm Scheele wa Uswidi alipata asidi ndani ya maziwa yaliyochacha. Asidi hiyohiyo imo katika mursik, maziwa ambayo Wakipsigis huyachachusha ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti wa senetwet. Siku hizi asidi hiyo inauzwa katika vichupa vidogo vya kuambulia ngozi ya uso. Ndugu yake, asidi ya glaikoliki, imo katika maji ya muwa, ingawa ile ya viwandani kwa kawaida hutengenezwa bila muwa wowote. Na muwa si mgeni kwetu. Ukitoka Chepseon ukateremka upande wa Fort Ternan hadi Muhoroni, chai inakuishia njiani na miwa inaanza. Msichana wa Chepseon anayefunga safari hadi Kericho mjini kupakwa dawa hizo ameacha nyuma maziwa juu na miwa bondeni. (Simshauri mtu kunawa uso kwa mursik. Ina kazi ya heshima zaidi, kama kuwapokea wanariadha uwanja wa ndege.)

Kinachofanyika pale saluni si miujiza. Uso unasafishwa mafuta, asidi inapakwa kwa brashi kuanzia kipaji cha uso, na mpakaji anaangalia saa. Inawasha. Baada ya dakika chache inaoshwa au inazimwa kwa maji yenye baikaboneti, basi, mtu anarudi nyumbani. Siku ya tatu hivi ngozi inaanza kubanduka vipande vyembamba pembeni mwa mdomo na puani. Kilichobanduka kilikuwa kimekwisha kufa. Tabaka la juu kabisa la ngozi ni seli mfu zilizoshikamana, nazo hupukutika zenyewe kila siku. Ngozi hujifanya upya kwa muda wa mwezi hivi, na asidi hulegeza tu kile kinachozishikanisha seli hizo, ziondoke mapema.

Matangazo, hata hivyo, hayasemi hivyo. Yanasema chini ya uso huu umo uso wako halisi, na wao watakufichulia. Hapo ndipo ninapotaka kubishana nao kidogo. Kilicho chini ya tabaka lililokufa ni tabaka linalosubiri zamu yake ya kufa. Ukiendelea kuteremka hukutani na mwenyewe; unakutana na damu. Hakuna mtu mwingine aliyejificha nyuma ya madoa ya chunusi akingoja kuitwa.

Kwa sababu hiyo naona kuambua kwa asidi laini na kujichubua kwa zebaki au haidrokwinoni ni mambo mawili, hata kama chupa zake zinapangwa rafu moja. Kenya ilikwisha kupiga marufuku vipodozi vyenye sumu hizo, lakini havijaisha sokoni, kwa kuwa havikuuza krimu tu. Viliuza imani kwamba weusi ni uchafu uliokaa juu ya mtu. Anayeambua kwa upole haombi kuwa mwingine. Anaomba kovu la mwaka jana lisiendelee kumtangulia kila anapoingia mahali. Najua wapo wanaoanzia kuambua wakaishia kujichubua, na muuzaji hana haraka ya kuwarudisha.

Tatizo liko kwenye huo upole wenyewe. Mwaka 1975 Thomas Fitzpatrick, daktari wa Chuo Kikuu cha Harvard, alipanga ngozi kwa jinsi zinavyoungua juani. Alianza na aina nne za ngozi nyeupe. Za kahawia na nyeusi ziliongezwa baadaye. Ngozi nyeusi ikijeruhiwa, hata kidogo, aghalabu hujibu kwa kutoa weusi zaidi mahali palepale. Asidi ambayo mtu wa Boston angeiita nyepesi inaweza kumwachia mtu wa huku baka lililo baya kuliko doa alilotaka kuliondoa. Ndiyo maana daktari mzuri huanza na kipimo kidogo, hujaribu kwanza nyuma ya sikio, halafu hukuambia ukae mbali na jua.

Ukae mbali na jua! Chepseon iko hatua chache kusini mwa ikweta, juu milimani. Baridi yake inadanganya: mtu anavaa sweta huku miale ikipenya mawingu na kumfikia usoni. Watu wa pwani walilijua jambo hili bila maabara. Bibi harusi wa Unguja au Lamu husuguliwa singo ya waridi na liwa, na siku hizo zote anatawa ndani. Ngozi mpya na kivuli vilikwenda pamoja. Sasa tumenunua nusu ya desturi.

Nilimweleza hayo jirani yangu anayechuma chai, mama ambaye binti yake alikuwa amerudi kutoka saluni na kujifunika leso. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Mwalimu, na hicho kivuli, wanauza pia?"

Nilidhani anabeza. Kumbe mabaka ya mashavuni yanamkera yeye mwenyewe, na alitaka kujua bei. Sisi watu wa kalamu tunapenda kuusifu uso uliochomwa na jua kana kwamba ni kitabu cha hekima. Wenye nyuso hizo hawakuomba kusomwa. Jua lile halikumchoma kwa kuwa ana busara. Lilimchoma kwa kuwa majani mawili na chipukizi huchumwa mchana, na mwezi ukiisha hulipwa kwa kilo alizofikisha kituoni.

Nikapiga hesabu naye. Krimu ya kukinga jua, ndiyo, na kofia pana, lakini jasho la shambani huondoa krimu kabla ya saa nne. Nikamwambia basi angoje shamba lake lipogolewe. Michai iliyokatwa haichumwi kwa miezi kama mitatu, na angepata kivuli cha kutosha ndani ya nyumba yake mwenyewe.

"Ni kweli, Mwalimu," akasema. "Na chai ikiwa imekatwa, huyo wa saluni nitamlipa na nini?"