Je, Jeraha la Moyo wa Askari ni Upungufu wa Imani?

Swali limeletwa katika darasa yetu, nalo lataka jawabu. Mtu arudi vitani, viungo vyake vyatembea, lakini usingizi hapati na watu awakimbia. Je, amepungukiwa na imani? Katika miji yetu majawabu mawili yako tayari vinywani. Mmoja husema, "Angelisali sana angelipona." Mwengine husema, "Ana pepo," akaagiza ubani na ngoma. Sisi twaona majawabu haya yafanana kwa jambo moja: yote humwondolea jirani taabu ya kusikiliza.

Ushahidi wetu tumeutwaa mahali ambapo baadhi ya wasomaji hawatapapenda, nako ni katika riwaya. Wako wasemao kuwa hadithi za kubuni ni upotevu wa wakati, na nyingi ni hivyo kweli. Lakini Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021, alitoa mwaka 2020 kitabu cha Kiingereza kiitwacho Afterlives, na watu wake ni watu wa pwani yetu. Kijana Hamza ajiandikisha kwa khiari yake katika askari wa Wadachi, kisha vita vya 1914 hadi 1918 vyamkuta humo. Ofisa mmoja amfunza Kijerumani. Mdachi mwengine amkata nyonga kwa upanga. Arejea mji wa pwani akichechemea, hana mali wala jamaa.

Tazameni apona kwa nini. Haponi kwa hotuba. Tajiri Nassor Biashara ampa kazi. Fundi seremala amfundisha randa na msumeno. Mzee Khalifa, mwenye ulimi mkali, ampa chumba cha nje. Khalifa humuuliza ya nyuma, Hamza hunyamaza, na chumba hanyang'anywi. Kisha aoana na Afiya, mlelewa wa nyumba ile, na yale asiyoweza kumwambia mtu ayasema kwa mkewe kidogo kidogo. Hiyo ndiyo sitara tuijuayo: hukumfichua mtu, wala hukumwacha peke yake.

Walakini mwandishi hakuishia hapo, na hapa ndipo alipotugusa. Afiya alikuwa na kaka, Ilyas, aliyeingia jeshi lile lile asirudi. Miaka yapita bila ya khabari. Mwana wa Hamza, aliyepewa jina la mjomba huyo, aanza kusikia sauti, na mganga wa kike aletwa nyumbani. Sisi tupingao mambo ya pepo tuliisoma sehemu hiyo kwa kukunja uso. Hata hivyo, ukiyaondoa ubani na mashetani, kilichotakiwa pale kilikuwa cha haki: itafutwe khabari ya Ilyas. Kwa nini basi lisemwe kwa kinywa cha pepo lile ambalo wazee wote wa nyumba walilijua? Sitara ilikuwa imegeuka kuwa kunyamaza tu, na aliyelipa ni mtoto asiyepata kuona vita.

Ama wasemao kuwa muumini wa kweli hana jeraha la moyo, na waikumbuke Uhud, mwaka wa 3 wa Hijra. Wahshi alimuua Hamza bin Abdulmuttalib, ami yake Mtume (s.a.w.). Baadaye Wahshi alisilimu, akakubaliwa. Lakini Mtume alimtaka, ikiwa aweza, asimwonyeshe uso wake. Dhambi ilikuwa imefutwa, na huzuni ilikuwa ingali pale. Nani atathubutu kuiita huzuni hiyo upungufu wa imani?

Limebaki zito zaidi. Ni rahisi kumhurumia aliyekatwa kwa upanga. Lakini askari wale wale walichoma vijiji na kupora nafaka za maskini, na amsikilizaye askari mpaka mwisho huenda akayasikia na hayo. Jambo hili si la zamani tu, maana majeshi ya Kenya yaliingia Somalia Oktoba 2011, na waliorudi huko tunapanga nao safu moja msikitini. Akija mmoja wao akitaka kusema, si aliyotendwa bali aliyoyatenda kwa amri, tutamsikiliza kwa subira ile ile, au tutamkatiza kwa kumwambia, "Tubu, yaishe"? Juu ya hili darasa yetu imegawanyika, na mazungumzo yanaendelea.