Jifunzeni Mvua, Enyi Watunzi

Ndugu zangu wasanii, watu wa ngoma na taarab, wa filamu, wa vinyago na wa jukwaa! Nabii Nuhu hakuambiwa tu kwamba gharika inakuja. Alipewa na vipimo: dhiraa 300 urefu, 50 upana, 30 kwenda juu. Kurani inasimulia walivyomcheka akiwa kazini, naye hakuacha kupima wala kuonya. Ninyi leo mnatakiwa muonye juu ya mabadiliko ya tabianchi bila kupewa kipimo chochote.

Simu inalia Jumatano, tamasha la mazingira ni Jumamosi. Mnavishwa fulana yenye nembo ya mfadhili, mnaagizwa wimbo wa dakika tatu na mwishoni mtaje miti. Mgeni rasmi anapiga makofi, mnapewa nauli. Ni nani aliyewakalisha na mtaalamu awaeleze jinsi maji ya bahari yanavyopenya hadi kwenye mashamba ya mpunga kule Pemba? Hiyo ni kazi ya kupamba sherehe. Ikataeni! Manju wa Usukuma alikuwa kiongozi wa watu wake, hakuwa mtumbuizaji wa kukodi.

Wala asije mtu akaniambia sanaa haibadilishi watu. Mwaka 1993 Redio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati. Mkwaju, yule dereva wa lori asiyetulia na mkewe Tunu, akaingia majumbani mwa watu pamoja na UKIMWI wake, na nchi ikamfuatilia. Waandishi wa mchezo ule walifunzwa kwanza, kwa mbinu iliyobuniwa Mexico na Miguel Sabido, namna ya kumbadilisha mhusika taratibu mpaka msikilizaji ajipime mwenyewe. Kisha kazi yao ikapimwa. Dodoma haikurushiwa mchezo kwa miaka miwili ili pawepo pa kulinganishia (poleni, watu wa Dodoma), na kulikosikika mchezo, matumizi ya uzazi wa mpango yalipanda zaidi. Mafunzo yalitangulia, matunda yakafuata.

Na sasa hatari iko mlangoni. Desemba 2023 tope la Mlima Hanang liliishukia Katesh, likaua watu zaidi ya 80. Mei iliyofuata kimbunga Hidaya kikaivamia pwani yetu, Mafia ikiwamo. Kabla ya kila masika na vuli, Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri, kwa mfano: mvua za wastani hadi juu ya wastani. Haya, mkulima wa bonde la Rufiji afanyeje na sentensi hiyo? Apande lini? Ahamishe watoto lini? Hapo ndipo mahali pako, mtunzi! Lakini uwe umekaa na mtabiri, ukajua uhakika wake unaishia wapi, usije ukawatia watu hofu ya bure, maana mvua ikipita kando watakudharau wewe pamoja na sayansi yenyewe.

Bagamoyo tunayo TaSUBa, iliyoanza kama chuo cha sanaa mwaka 1981, bahari iko pale pale jirani. Nasema somo la tabianchi lifundishwe humo na litahiniwe kwa ukali ule ule wa upigaji ngoma, wala lisiwe semina ya mchana mmoja yenye soda na cheti. Wasimamizi wa makumbusho na waandaaji wa matamasha nao waingie darasani, kwa sababu jenereta inayonguruma usiku kucha nyuma ya jukwaa ni mali yetu, na moshi wake ni wetu pia.

Somo hilo linamhusu hata mchonga vinyago wa Mwenge, anayekula kwa mpingo, mti unaohitaji miaka 70 na zaidi ndipo ufae kuvunwa. Kilwa wapo wanavijiji ambao mwaka 2009 misitu yao ilipata cheti cha FSC, cha misitu inayotunzwa vizuri, na mpingo wao ukavunwa kwa hesabu. Mnunuzi wa gogo, ulishawahi kuuliza limetoka wapi? Uliza!

Utabiri wa vuli hutangazwa kabla ya Oktoba. Nendeni mkiwa na madaftari, hata kama hamkualikwa. Mtaalamu akitaja wastani, inueni mikono mumuulize ni wastani wa miaka mingapi. Akijibu msielewe, mrudieni. Kisha pandeni basi mpaka Rufiji, mkae na wenye mashamba kabla hamjaandika hata ubeti mmoja.