Isaka, Ruthu na Wageni wa Pwani ya Lindi

Kuna neno linalosemwa mara nyingi kwenye vibaraza vya pwani yetu, tangu Somanga hadi Mingoyo, na tumelisikia hata nje ya makanisa yetu watu wakitoka ibadani. Husemwa hivi: watazameni Wasukuma, wamefika juzi tu na tayari wana pikipiki, mashine za kusaga na nyumba za bati, kisha watazameni wale waliokuja kukata mkonge tangu enzi za Mwingereza, wana nini mpaka leo? Anayesema hivyo mara nyingi hana nia mbaya. Pengine anataka tu kuwahimiza vijana wafanye kazi. Lakini neno lake limebeba hukumu. Linasema kundi moja la wageni limefanikiwa kwa sababu lina bidii, na jingine limebaki nyuma kwa sababu ya tabia yake. Tunataka kuuliza kama Mkristo ana ruhusa ya kutoa hukumu ya namna hiyo.

Katika Katekisimo Ndogo, Martin Luther anapoieleza amri ya nane hatuachi kwenye kukataza uongo peke yake. Anatutaka pia tumtetee jirani, tumseme vema, na tuyapokee mambo yake kwa maana iliyo njema kadiri inavyowezekana. Tumezoea kuwafundisha watoto wa kipaimara amri hii kwa mfano wa mtu mmoja anayemsengenya mwenzake. Mara chache tunawaambia kwamba kabila zima linaweza kusengenywa, au wanakijiji wote waliotoka mahali pamoja. Na usengenyaji wa namna hii ni mgumu kuutambua, kwa maana huja umevaa nguo za hesabu: huyu ana ng'ombe mia, yule hana kitu, hesabu haidanganyi.

Basi tuifanye hesabu, lakini tuifanye yote.

Mkonge uliletwa katika nchi hii mwaka 1893 na Richard Hindorf, Mjerumani, na kufikia miaka ya 1960 Tanganyika ilikuwa ikiongoza duniani kwa zao hilo. Sehemu kubwa ya mashamba ilikuwa Tanga na Morogoro, lakini Lindi nayo ilikuwa na yake, na jina la Kikwetu linajulikana mpaka leo. Kazi ya kukata mkonge ni ngumu, miiba yake huchoma, na wenyeji wengi wenye mashamba yao hawakuitaka. Wakaja watu kutoka ng'ambo ya mto Ruvuma, Wamakonde wa Msumbiji, waliokuwa wakikimbia kodi na kazi za shuruti za Wareno. Huku waliitwa Wamawia, na jina hilo halikutamkwa kwa heshima. Walichekwa kwa chale za usoni na meno yaliyochongwa, na wale waliowacheka walivaa viatu kwa fedha za mkonge uleule.

Tutazame alichokuwa nacho mtu huyo. Aliajiriwa kwa kipande, yaani kadi ya siku thelathini za kazi. Siku aliyomaliza kiasi alichopangiwa iliwekwa alama, na siku ambayo hakumaliza haikuhesabiwa. Nyumba aliyolala ilikuwa ya shamba. Hata neno manamba, walivyoitwa vibarua wa mashamba hayo, limetokana na namba: mtu alijulikana kwa namba yake. Mtaji wake ulikuwa mikono miwili. Mtaji wa mikono hauzai na hauwezi kuwekwa akiba. Ukifika miaka hamsini umechoka, na mtoto harithi mikono ya baba yake. Halafu bei ya mkonge ikaanguka kwa sababu ya kamba za nailoni, mashamba yakataifishwa mwaka 1967, na baadaye mengi yakafa. Mzee akabaki kwenye kambi isiyo na mwajiri, akilima kipande cha ardhi ambacho hakuwa na karatasi yake.

Sasa tumtazame mfugaji. Mwaka 2006 Serikali iliamua kuwaondoa wafugaji katika bonde la Usangu, Mbarali, kwa hoja ya kuokoa Ihefu na maji ya Ruaha Mkuu yanayolisha bwawa la Mtera. Wengi walielekezwa kuja Lindi na mikoa ya jirani, na ndivyo Wasukuma na Wabarbaig, ambao huku huitwa Wamang'ati, walivyofika Kilwa kwa wingi na mifugo yao. Hawakuja kwa raha. Ng'ombe walikufa njiani, faini zililipwa, na malalamiko yalikuwa makubwa kiasi kwamba mwaka 2007 iliundwa tume ya kuyachunguza. Na walikofika kulikuwa na mbung'o, sababu moja iliyofanya pwani hii isiwe nchi ya ng'ombe tangu zamani. Mtu asiseme walitunukiwa utajiri.

Lakini yule aliyefika na ng'ombe ishirini walio hai alifika na mtaji wa miguu minne. Mtaji huo huzaa. Ada ya shule ikidaiwa, ndama mmoja anakwenda mnadani. Maksai wakifungwa plau, familia moja inalima eneo ambalo jirani mwenye jembe la mkono hawezi kuligusa. Tena walifika wakati mwema: daraja la Mkapa juu ya Rufiji lilikuwa limefunguliwa mwaka 2003, lami ikafuata, na ufuta wa Lindi ukapata wanunuzi. Kibarua wa mkonge alipoachwa na shamba lake, kusini ilikuwa ikikatika na Dar es Salaam kila masika. Angelima ufuta, angemuuzia nani?

Anayeona hoja hii ni ya kuwatetea maskini tu, atupe macho Kenya. Wamakonde walewale, kutoka Msumbiji ileile, walikwenda pia Kwale kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa. Waliobaki upande wetu walikuta ndugu zao wa Newala wanaozungumza lugha moja nao. Vilipoandikishwa vijiji katika miaka ya 1970, wengi waliingia humo kama wanakijiji wengine. Watoto wakasoma, mikorosho ikapandwa. Si matajiri, lakini ni watu wa hapa. Wale wa Kwale walikaa kizazi hadi kizazi bila kitambulisho. Pasipo kitambulisho huwezi kufungua akaunti, huwezi kusajili laini ya simu ya kupokelea fedha, huwezi kumiliki ardhi, na polisi anaweza kukusimamisha njiani wakati wowote. Oktoba 2016 wakaanza safari ya miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kumwona Rais. Akaagiza wapewe vitambulisho kabla ya Desemba kwisha, nao wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya.

Kabila moja, kazi ileile, bidii ileile, na hali mbili tofauti. Kama umaskini wa Kwale ulikuwa tabia ya Kimakonde, ni tabia gani hiyo inayoanza kutibika kwa karatasi iliyopigwa mhuri?

Maandiko yanawajua wageni wa aina zote mbili. Isaka alikwenda Gerari kwa sababu ya njaa, akiwa na mifugo na watumishi. Mwanzo 26 inasimulia kwamba alipanda katika nchi ile akavuna mara mia mwaka uleule, Wafilisti wakamhusudu, wakavifukia visima, na mfalme wao akamtaka aondoke. Ruthu Mmoabi alifika Bethlehemu na mikono yake tu. Alikula kwa sababu sheria ya Walawi ilikuwa imekwisha kumwekea mgeni na maskini pembe za shamba na masazo ya mavuno. Hatuoni mahali popote Biblia inapomwinua Isaka ili kumwaibisha Ruthu. Wala haisemi kwamba Isaka alikuwa na imani kubwa kuliko Ruthu, na ndiyo maana alikuwa na kondoo wengi. Hili tunalisema kwa sababu kuna mahubiri siku hizi, mengine kwenye vipaza sauti vya mikutano ya hadhara, yanayohesabu baraka kwa mikia ya ng'ombe. Mhubiri wa namna hiyo angemkuta Ruthu akiokota masuke, sijui angemwambia atubu nini.

Hata hivyo, kumtetea mgeni kusitufanye tumsahau mwenyeji, na hapa ndipo suala linapouma. Wamatumbi, Wangindo, Wamwera na Wamachinga nao wameitwa wavivu, tena kwa miaka mingi kuliko mgeni yeyote. Wanaosema hivyo hawakumbuki Kilwa Kivinje ilikuwa bandari ya kuuzia watu katika karne ya 19, wala kwamba vita vya Maji Maji vilianzia Nandete mwaka 1905 kwa sababu ya pamba ya shuruti, na kwamba baada ya vita ikaja njaa iliyoimaliza nchi. Mtu aliyerithi historia hiyo analima ekari mbili za ufuta. Asubuhi moja anakuta ng'ombe sitini wamelala ndani yake. Kwake ufuta ule ndio sare za shule, ndio bati, ndio dawa. Njinjo, Nanjirinji na vijiji vingine vya bara ya Kilwa vinaujua ugomvi huu, na umewahi kufikia kumwaga damu.

Kutoka 22:5 inalizungumzia jambo hili kana kwamba iliandikwa kwa ajili ya wilaya yetu: mtu ambaye mnyama wake amelisha katika shamba la mwingine atalipa, na atalipa kwa kilicho bora katika mali yake. Sheria hiyo haiulizi kabila la mwenye mnyama wala dini ya mwenye shamba. Inahesabu hasara ya shamba moja na kumtaja mlipaji wake.

Sasa fikiri juu ya sikukuu ya mavuno. Mshirika mfugaji analeta dume la ng'ombe, zuri, linang'aa. Mnada unachangamka, kwaya inaimba, usharika unapata bati za kumalizia jengo. Mita mia mbili kutoka hapo yuko jirani, pengine Mwislamu asiyekanyaga kanisani, ambaye ufuta wake ndio ulionenepesha dume lile. Yesu anafundisha katika Mathayo 5 kwamba mwenye sadaka akikumbuka ndugu yake ana neno juu yake, aiache madhabahuni, aende kwanza kupatana. Tunaona kwamba mchungaji ana haki, na zaidi ya haki, ana wajibu wa kuuliza kabla ya mnada: jirani yako amelipwa? Ni swali linaloweza kuupunguzia usharika bati. Lakini kanisa lisiloliuliza litajengwa kwa ufuta wa mtu ambaye hakuutoa.

Kuna jambo jingine tunalopaswa kulisema wazi. Sisi Walutheri ni wageni katika pwani hii. Uislamu una karne nyingi Kilwa, Waanglikana walianza mapema Masasi, Wabenediktini wakajenga Ndanda. Sisi kwa sehemu kubwa tulifika na uhamisho wa watumishi wa serikali na maduka ya ndugu zetu kutoka Makete, Moshi na Bukoba. Viti vyetu vimejaa wageni waliofanikiwa. Kwa hiyo tunapomsifu mgeni aliyefanikiwa, kuna hatari ya kujisifu wenyewe, na tunapomlaumu aliyeshindwa, kuna raha fulani ya siri ndani yake. Wengi wetu tulikuja tukiwa na cheti cha shule, barua ya ajira na mjomba wa kutupokea mjini. Huo nao ni mtaji wa miguu minne.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Walisema pia mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii ya pili hutumiwa kumkumbusha mgeni afanye kazi, na ni sawa. Ila jembe huhitaji mahali pa kulimia. Manamba alipewa jembe bila ardhi. Mfugaji ameletwa kwenye ardhi ambayo mwenyeji anasema hakuulizwa kuitoa. Waliopanga mambo hayo hawakukaa kwenye kijiji chochote kati ya hivi, na leo wanaolaumiana ni watu watatu waliopangiwa.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeiweka ardhi ya kijiji chini ya halmashauri ya kijiji, na maamuzi makubwa kwenye mkutano mkuu, ambao wajumbe wake ni wakazi wote waliotimiza miaka kumi na minane. Ni kitu kinachofanana sana na lango la Bethlehemu, ambapo Boazi aliketi na wazee kumi na habari ya ardhi na ya mjane wa kigeni ikaamuliwa hadharani, mashahidi wakisikia. Huko ndiko eneo la malisho hutengwa au hukataliwa, na huko ndiko hati ya hakimiliki ya kimila huanzia safari yake. Wachungaji na wainjilisti wetu ni wakazi wa vijiji hivyo, nao ni wajumbe. Siku ya mkutano mfugaji huwa amekwenda na ng'ombe mtoni, na mjukuu wa mkata mkonge hukaa nyuma kabisa, kwa sababu alizoeshwa kwamba mambo ya ardhi si yake. Mtu wa kumfuata mmoja na kumsogeza mwingine mbele anahitajika kabla mwenyekiti hajafungua kikao.