Somo la 9: Mgeni na Lugha

SABATO ALASIRI

Soma kwa ajili ya funzo la juma hili: Yer. 28:1–11, Yer. 29:1–14; Dan. 1:3–8, Neh. 13:23, 24; Amu. 12:4–6, Mt. 26:73, Mdo 2:5–11, Law. 19:33, 34, Rut. 2:8–16, Luka 17:11–19.

Fungu la kukariri: Yeremia 29:7. Lisome kwa sauti, kisha mtu mwingine darasani alisome katika lugha ya nyumbani kwake.

Anayesafiri kwa basi kutoka Kibondo hadi Kasulu hupita katika nchi ya vilima, migomba na maharage ambayo kwa zaidi ya miaka hamsini imepokea watu waliokimbia. Warundi walikuja mwaka 1972, wakaja tena baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa Oktoba 1993. Mwaka 1996 Wakongo walivuka Ziwa Tanganyika wakikimbia vita, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa wilayani Kasulu. Mwaka 2015 Warundi walifika tena kwa makumi ya maelfu. Wengi walirundikana kwanza katika kijiji cha Kagunga, ufukweni, ambako kipindupindu kiliwakuta, na meli kongwe ya MV Liemba ikawapeleka Kigoma mjini. Nyarugusu ilipojaa, kambi ya Nduta wilayani Kibondo ikafunguliwa upya, kisha Mtendeli wilayani Kakonko.

Watoto wa kambini wamekuwa wakisoma kwa mitaala ya nchi zao, ambamo Kifaransa kina nafasi kubwa. Lakini maelfu ya Wakongo wa Nyarugusu walipopata makazi mapya Marekani, Kiingereza kiligeuka kuwa hitaji la kila siku. Kisha, tarehe 20 Januari 2025, serikali ya Marekani ikatoa amri ya kusimamisha upokeaji wa wakimbizi. Swali la juma hili linaanzia hapo. Kanisa limfundishe mgeni Kiingereza kwa ajili ya nini, ikiwa ndege haiji?

JUMAPILI
Barua kwa Wanaosubiri

Soma Yeremia 28:1–11 na 29:1–14. Hanania aliwaahidi watu nini, na Yeremia aliwaandikia nini?

Hanania alisema miaka miwili. Yeremia akaandika miaka sabini. Si vigumu kujua ni nani kati yao aliyependwa zaidi sokoni. Mtu aliyeng'olewa kwao hutaka kusikia kwamba mizigo isifunguliwe, kwamba safari ni kesho kutwa. Barua ya Yeremia iliwaambia wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao, na waombee amani mji ambao hawakuuchagua.

Fikiria mama aliyesailiwa mara tatu, akapimwa afya, akaambiwa jina lake limetoka, akagawa masufuria yake kwa majirani, kisha safari ikafutwa. Anarudi kuomba sufuria lake mwenyewe. Mama huyu akiingia katika darasa la Kiingereza siku ya Jumanne, mwalimu atamwambia nini? Akimwambia, "Soma kwa bidii, Mungu atakufungulia mlango wa Marekani," amekuwa Hanania. Hakuna mwalimu wa Shule ya Sabato mwenye mamlaka ya kutoa ahadi hiyo, na aliyeitoa atakuwa amemfanya Mungu adaiwe jambo ambalo Mungu hakulisema.

Yeremia hakuwanyima tumaini. Aliwaahidi kwamba Bwana angewarudisha, naye alitimiza. Lakini kati ya barua na utimilifu kulikuwa na miaka mingi ya kuishi, na ni miaka hiyo barua iliyoizungumzia. Mrundi humsalimu mwenzake kwa kumtakia "amahoro", yaani amani. Aliyeambiwa autakie amani mji wa ugenini anahitaji pia maneno ya kusemea humo.

Je, kuna tofauti gani kati ya kumpa mtu tumaini na kumpa tarehe?

JUMATATU
Lugha ya Wakaldayo

Soma Danieli 1:3–8. Danieli alikubali nini, na alikataa nini?

Vijana wa Yuda walipewa miaka mitatu ya kujifunza maandiko na lugha ya waliowateka. Wakapewa na majina mapya. Danieli alikataa chakula cha mfalme, darasa hakulikataa. Mbele ya Mungu lugha ya Wakaldayo haikuwa najisi, na sehemu kubwa ya kitabu cha Danieli chenyewe, kuanzia 2:4 hadi mwisho wa sura ya 7, imeandikwa kwa Kiaramu na si Kiebrania. Aliyekuja kama mateka alisimama mbele ya wafalme akasema nao bila mkalimani.

Kwa hiyo mzee anayewaonya vijana kwamba Kiingereza kitawapoteza ana sehemu ya ukweli tu. Sehemu hiyo iko katika Nehemia 13:24, ambapo watoto walishindwa kusema lugha ya Yuda. Familia nyingi zilizohamia ng'ambo zinaijua hali hiyo. Mtoto wa miaka kumi hushika lugha mpya haraka, akawa mkalimani wa wazazi wake hospitalini, shuleni na kwa mwenye nyumba. Baba aliyekuwa mzee wa kanisa kule Nyarugusu, aliyeamua mashauri ya watu, anakaa kimya huku mwanawe akimwambia daktari habari za mwili wa mama yake. Si mtoto aliyekosa hapo wala baba. Lakini heshima ya nyumba imepinduka, na kanisa lenye darasa zuri la Kiingereza kwa watoto peke yao limeharakisha kupinduka huko.

Darasa lianze na wazazi. Watoto watajifunza hata barabarani.

JUMANNE
Shibolethi

Soma Waamuzi 12:4–6. Watu wa Gileadi waliwatambuaje waliokuwa wakikimbia?

Hiki ni mojawapo ya vifungu vya kutisha zaidi katika Maandiko, na mara nyingi husomwa kama jambo la kuchekesha. Mtu anafika kivukoni amechoka, anaomba kuvuka. Anaambiwa atamke neno moja. Akikosea herufi ya kwanza, anauawa. Walioanguka walikuwa elfu arobaini na mbili, nao hawakuwa taifa geni. Walikuwa Waefraimu, ndugu, wenye lugha ileile, waliotofautiana katika sauti moja.

Watu wa nyanda za Kigoma wanaweza kukielewa kifungu hiki kuliko wengi. Kiha na Kirundi ni lugha za karibu mno. Muha wa Kibondo na Mrundi wa Nduta husikilizana bila mtu wa kati. Mkongo naye anakuja na Kiswahili chake cha Kivu, ambacho kwa sikio la Kasulu kina ladha nyingine. Undugu huo ungetosha kuwa daraja. Lakini mara nyingine ni ile tofauti ndogo inayotumika kumjua mtu ni wa wapi kabla hajaulizwa jina. Amesema "kurara" badala ya "kulala", basi ametambulika, na watu wanatazamana.

Katika darasa la Kiingereza jambo hilo hurudi kwa sura ya kicheko. Ulimi uliozoea r hutatizika kwenye l. Mwanafunzi anataka kusema chawa, "lice", neno linatoka kama "rice", ambalo ni wali. Darasa linaangua kicheko. Kicheko kimoja kinaweza kuwa cha kindugu. Kicheko cha pili, kikiongozwa na mwalimu, kinaweza kumfanya mama wa makamo asirudi tena, wala hatasema kwa nini. Atasema alikwenda kutafuta kuni.

Sasa soma Mathayo 26:73, kisha Matendo 2:5–11. Petro alitambuliwa uani kwa kuhani mkuu kwa matamshi yake ya Kigalilaya. Yalimsaliti, akaogopa, akakana. Hazikupita hata miezi miwili, naye akasimama Yerusalemu mbele ya umati, na umati ukashangaa kwamba hawa wasemao ni Wagalilaya. Matamshi yalikuwa bado yanasikika! Roho Mtakatifu hakusubiri Petro asafishe ulimi wake.

Angalia pia mzigo wa kujifunza uliwekwa juu ya nani. Wageni kutoka kila taifa hawakupewa muujiza wa kuelewa Kigalilaya. Waliosema ndio waliopewa lugha za wasikiaji. Mwalimu wa Kiingereza aliyetumia juma moja kujifunza kumsalimu kila mwanafunzi kwa lugha yake, na kulitaja jina lake kama mama yake alivyolitaja, anafanya kazi upande uleule wa Pentekoste. Tena kwa Muha, Kirundi ni kazi ya siku chache. Hana udhuru.

Je, katika darasa lako la Shule ya Sabato, ni matamshi ya nani huchekwa? Amewahi kuombwa kusoma fungu la kukariri?

JUMATANO
Miganda Iliyoachwa kwa Makusudi

Soma Mambo ya Walawi 19:33, 34 na Ruthu 2:8–16. Boazi alifanya nini zaidi ya kile ambacho sheria ilimtaka?

Sheria ilimruhusu mgeni kuokota masazo. Boazi alikwenda mbali zaidi. Aliwaonya vijana wake wasimguse wala kumkemea, akamkaribisha kwenye maji na chakula, kisha akaagiza masuke yachomolewe katika miganda na kuachwa njiani. Ruthu aliokota kwa mikono yake mwenyewe bila kujua kwamba kuna aliyetangulia kupanga.

Somo zuri huandaliwa hivyo. Mwalimu huuliza kabla: mwanafunzi huyu atahitaji kusema nini kesho? Anayetarajia kusafiri ataulizwa jina, na tarehe ya kuzaliwa. Wakimbizi wengi karatasi zao zinaonyesha 1 Januari, kwa sababu siku yenyewe haikujulikana, na ni vyema wajue kuitamka bila haya. Ataulizwa anaumwa wapi. Katika mpango wa Marekani, msaada wa kwanza wa kumpokea mkimbizi ulihesabiwa kwa siku 90, na nauli ya ndege ilikuwa mkopo wa kulipwa. Baada ya miaka mitano angeweza kuomba uraia, na mtihani wake kwa kawaida ni wa Kiingereza. Mtu asiyejua kusema "sijaelewa, tafadhali sema polepole" ataweka sahihi kwenye karatasi yoyote.

Naye asiyesafiri? Kuna maandishi ya Kiingereza kwenye chupa ya dawa, kwenye simu, kwenye mfuko wa mbegu. Kuna watu wazima ambao hawajawahi kushika penseli. Hao waanze kusoma kwa Kiswahili au Kirundi kwanza, Kiingereza kifuate.

Lipo jambo la utaratibu pia. Kambi ziko chini ya sheria ya wakimbizi ya mwaka 1998. Mkimbizi hatoki bila kibali, na mgeni haingii bila kibali. Kundi la Kasulu au Kibondo linalotaka kuhudumu lianze kwa kuomba ruhusa, si kwa kupenya. Tena lisidhani kwamba walimu wanatoka nje tu. Ndani ya kambi wamo walimu waliofundisha Kongo na Burundi kwa miaka mingi. Huenda wanachokosa ni vitabu, chaki na mtu wa kuketi nao wapange masomo.

ALHAMISI
Tisa Ambao Hawakurudi

Soma Luka 17:11–19. Yesu aliwafanya nini wale tisa?

Aliuliza waliko. Uponyaji hakuwanyang'anya.

Darasa la Kiingereza linaweza kugeuzwa mtego: anayekuja Sabato anapewa daftari, asiyekuja anakaa nyuma. Mwislamu, Mkatoliki au Mpentekoste akijua kwamba sarufi ni chambo, atakuwa na haki ya kuondoka. Mkimbizi amekwisha kutia sahihi mambo mengi ili apate unga, na mgao wa chakula katika kambi hizi umepunguzwa zaidi ya mara moja katika miaka ya karibuni. Asiongezewe hesabu nyingine ya kulipa. Somo likitumia kisa cha Biblia, aambiwe wazi tangu mwanzo. Akiuliza habari za tumaini lililo ndani ya mwalimu, ajibiwe bila kusita. Mmoja aliyerudi alikuwa Msamaria, mgeni, naye alirudi kwa hiari.

IJUMAA
Jifunze Zaidi

Soma Zaburi 137 pamoja na Yeremia 29:4–7. Waliombwa kuimba nyimbo za Sayuni wakakataa. Waliandikiwa wapande bustani. Linganisha sauti hizo mbili.

Maswali ya kujadili:

Mama aliyerudi kuomba sufuria lake anauliza darasani kama aendelee kujifunza Kiingereza au aache. Mjibuni. Msitumie neno "Marekani" katika jibu lenu.

Katika kundi lenu, ni nani ajuaye Kirundi, Kibembe au Kifaransa, na amewahi kuombwa kufanya nini kwa lugha hiyo?

Mwenyeji naye ana madai yake: kuni zimekwisha, shamba limekanyagwa, na darasa la bure amefunguliwa mgeni wakati mtoto wa mwenyeji anashindwa Kiingereza cha sekondari. Je, darasa moja linaweza kuwapokea wote wawili? Nani atakaa benchi la mbele?