Haki ya Mzazi Aliyerudi Vitani

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Bwana Mtume Muhammad na Aali zake na Sahaba zake.

Ama baad. Jueni, enyi vijana wa Kiislamu, ya kuwa Mwenyezi Mungu katika Sura ya Bani Israil ameifuatanisha haki ya wazazi na haki yake mwenyewe, akakataza hata lile neno dogo la kuonyesha kuchoshwa nao. Wengi wakiisikia amri hii humkumbuka mzazi mkongwe tu, aliyedhoofika kwa miaka. Ni wachache wanaomkumbuka mzazi mwenye nguvu zake, aliyekwenda mbali akarudi na desturi ambazo watu wa nyumbani mwake hawazifahamu. Huyo ni askari aliyerudi vitani.

Kisiwani Pemba khabari hii si ngeni. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, na Jeshi la Wananchi likatoka kuyafukuza. Masaka ikatekwa Februari 1979, na Kampala ikaanguka Aprili 11 ya mwaka ule. Vijana wa Visiwani walikuwamo katika jeshi lile pamoja na ndugu zao wa Bara, wakenda sehemu kubwa ya safari ile kwa miguu, katika mvua na matope, na mizinga ikilia. Wako mashujaa waliozikwa Kaboya, huko huko Kagera. Na wako waliorudi kwenye mikarafuu yao. Wala jambo hili halikwisha kwa wazee wale. Desemba 7, 2017, kambi ya walinzi wa amani wa Umoja wa Mataifa kule Semuliki, mashariki ya Kongo, ilishambuliwa, wakauawa askari wa Tanzania wasiopungua 14, na wengine wengi wakajeruhiwa. Waliosalia nao ni baba za watoto.

Basi mtoto hutazama, akaona mambo. Baba hakai barazani illa mgongo wake uelekee ukuta na uso wake uelekee njia. Halali mpaka aizunguke nyumba, na komeo alilokwisha kulitia hurudi akalishika tena. Viatu vyake huviweka pale ambapo mguu utavipata gizani. Nazi ikianguka juu ya bati usiku wa manane, wengine hugeuka ubavu wakaendelea na usingizi; yeye amekwisha kusimama nyuma ya mlango na panga mkononi. Siku ya Idi, watoto wakilipua fataki, hutoka mapema akenda shamba, akarudi jioni wageni wamekwisha kuondoka, na jamaa wakasema ana kiburi. Msikitini husali safu ya mwisho, karibu na mlango, ijapokuwa mbele pana nafasi na fadhila ya safu ya mbele anaijua. Akiulizwa khabari za vita husema, "Tulikwenda, tukarudi," kisha akauliza bei ya karafuu.

Na watu hawakosi la kusema. Mmoja husema ana jini alilotoka nalo bara, apelekwe akapungwe. Wa pili humtajia kwa kejeli Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili iliyoko Unguja, kana kwamba kutibiwa ni aibu. Wa tatu ndiye mbaya kuliko wote, kwani ni mwanawe mwenyewe: huona haya, na vituko vya babake akawasimulia wenziwe wakacheka.

Laiti mwana yule angaliisoma vyema Suratun Nisaa. Humo Mwenyezi Mungu amemfundisha Mtume s.a.w. namna ya kusalisha jeshi mbele ya adui: kundi moja lisimame naye katika Sala na silaha zao wakiwa nazo, na kundi jingine lilinde nyuma yao, kisha wapokezane. Angalieni jambo hili. Sala ndiyo ibada ambayo mtu hutakiwa asigeuze uso wake, na humo humo wako walioamrishwa kukesha na kutazama. Basi aliyezoea kusali karibu na mlango hakuizua desturi ile kwa wazimu. Alifundishwa kuwalinda wenziwe, akawalinda, na kwa ulinzi ule wako waliorudi wakawaona watoto wao. Vita vilikwisha, lakini mwili haukupokea amri ya kuacha. Jicho, sikio na mguu wake vinaendelea na zamu ambayo hapana aliyekuja kuipokea.

Wala isidhaniwe ya kuwa khofu ile ni upungufu wa imani. Siku za Khandaq, mwaka wa 5 wa Hijra, Sahaba walizungukwa Madina, na Suratul Ahzab yaeleza jinsi macho yalivyopotoka na nyoyo zilivyopanda hata makooni. Nao ndio watu bora wa umma huu. Na Wahshi, aliyemwua Bwana Hamza katika vita vya Uhud, aliposilimu Mtume s.a.w. aliupokea Uislamu wake, lakini alimtaka asimwonyeshe uso wake. Hapana moyo mpana kuliko ule, na pamoja na upana wake liko lililokuwa zito kulitazama. Sembuse askari wa Konde au Kengeja?

Na lau mtu akiuliza: Je, haya ni maradhi? Jawabu ni kuwa mengine ni desturi tu, na mengine yakizidi ni maradhi. Daktari Mwingereza Charles Myers aliandika mwaka 1915 juu ya askari walioharibiwa nafsi zao na vita vya Ulaya. Katika mwaka 1980 ndipo madaktari wa akili wa Marekani walipoyatia maradhi haya, kwa jina yalilo nalo leo, katika kitabu chao cha maradhi. Basi aliyepigana Masaka alipigana kabla ya hapo. Leo matibabu yapo. Mtume s.a.w. ameamrisha watu wajitibu, na kumsomea mgonjwa Qurani hakuzuii kumpeleka hospitali.

Na ikiwa anapiga? Hili huonewa haya kusemwa, nalo lazima lisemwe. Kumfahamu mzazi si kumwachia mkono wake. Mtume s.a.w. alipoagiza ndugu anusuriwe hata akiwa dhalimu, aliulizwa itakuwaje, akaeleza ya kuwa ni kwa kumzuia dhulma yake. Mwana anayeuzuia mkono wa babake usimfikie mamake, akawaita ami zake na wakubwa wa ukoo, amemtendea babake wema. Madhali hakumtukana wala hakumwanika njiani.

Tena mtazameni Nabii Musa a.s. katika Suratul Qasas. Aliua mtu pasipo kukusudia, akatoka mjini akiangaza huku na huku kwa khofu. Alipofika Madyan, nchi ambayo Firauni hakuwa na amri ndani yake, yule mzee alimwacha kwanza asimulie kisa chake chote. Ndipo alipomwambia asiogope, amekwisha kuokoka. Neno la kumtuliza lilikuja baada ya kusikiliza. Na wengi leo hulitanguliza, wakamwambia baba, "Sahau hayo," kabla hajasema hata moja.

Na asiyetaka kusimulia asichokolewe. Iko njia nyingine ya kumstahi, nayo imo katika Suratun Nur: watoto wameamrishwa wapige hodi nyakati tatu, kabla ya Sala ya Alfajiri, na adhuhuri watu wanapopumzika, na baada ya Sala ya Isha. Hizo ndizo saa ambazo askari aliyelala huweza kuruka kwa kuguswa tu. Basi mtoto wake asimshike bega usingizini. Na asimame mlangoni, penye mwanga, atoe salamu kwa sauti yake ya siku zote, ajitaje jina lake, kisha angoje hata ajibiwe.