Je, Muuzaji Anyamazaye Asema Uwongo?

Baba mmoja wa watoto watatu, Mkristo wa kwetu afanyaye kazi Uingereza, ametuletea swali ambalo tulipolisoma mara ya kwanza tulitabasamu, na tulipolisoma mara ya pili tabasamu likatutoka. Miaka miwili iliyopita alinunua motokaa ya kale ya spoti, MGB ya mwaka 1972, yenye viti viwili na turubai la kukunja. Aliitamani motokaa ya namna hiyo tangu ujana wake. Aliyemwuzia alikuwa mtu mpole, mwenye maneno mazuri, na motokaa iling'aa kama sahani mpya. Wakaizungusha kijijini mara moja, fedha zikahesabiwa, akaenda nayo nyumbani. Baada ya miezi sita fundi aliinua zulia, akaichoma kwa bisibisi boriti iliyo chini ya mlango, na bisibisi ikazama mpaka kwenye mpini.

Sasa ataka kuiuza. Mwenzake kazini amemshauri aipake rangi nzito chini, aiuze kama alivyouziwa yeye, wala asiseme neno; mnunuzi ana macho yake. Ndugu yetu atuuliza mambo mawili. Akinyamaza, je, amesema uwongo? Na yeye aliyedanganywa, je, hana haki ya kuirudisha fedha yake?

Wako watakaosema kwamba kitu cha anasa kama hicho hakistahili nafasi katika ukurasa huu. Wasemao hivyo labda hawajawahi kununua ng'ombe mnadani.

Ili swali lieleweke, hatuna budi kueleza kwanza motokaa yenyewe ilivyo. MGB ilitengenezwa Abingdon tangu mwaka 1962 hadi 1980, na zaidi ya 500,000 zilitoka katika kiwanda hicho, nyingi zikapelekwa Marekani. Kwa ajili ya wingi huo, hata leo mtu wa mshahara wa kawaida aweza kuipata. Haikuundwa kama MGA iliyoitangulia, ambayo bodi yake ilikalishwa juu ya chasisi ya peke yake. Katika MGB bodi yenyewe ndiyo uti wa mgongo. Na kwa kuwa ile ya turubai haina paa la chuma, nguvu ya kuizuia isipinde katikati yategemea sana boriti mbili zipitazo chini ya milango, moja kila upande. Kila boriti imefanywa kwa mabati matatu, la nje, la ndani na la kati, yaliyochomelewa pamoja, na ndani mna uwazi. Maji ya mvua huingia humo, pamoja na chumvi ambayo Waingereza huimwaga barabarani wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu. Kutu huanza kula kutoka ndani kuja nje. Siku ionekanapo nje, kazi yake ndani imekwisha.

Kuitengeneza kwa haki ni kukata mabati yote yaliyooza na kuchomelea mapya, kazi ya siku nyingi na ya gharama. Kuitengeneza kwa hila ni kuchomelea bati jembamba juu ya uozo, kujaza mashimo kwa ule unga ulainishwao na dawa, ukaukao ukawa mgumu kama jiwe, kisha msasa, kisha rangi. Bwana wetu aliposema juu ya makaburi yaliyopakwa chokaa hakuwa akinena habari za motokaa, lakini yeyote aliyepata kulala chali chini ya MGB iliyotengenezwa namna hiyo atakuwa ameielewa Injili ile vizuri zaidi.

Mnunuzi mwenye busara huenda mchana kweupe, wala si wakati wa mvua, maana maji huzing'arisha rangi zote sawasawa. Huchukua sumaku ndogo iliyofungwa katika kitambaa, akaipitisha pole pole sehemu za chini: penye chuma hushika, penye unga wa kujazia huanguka. Huinua zulia. Hutazama nyuma ya viti, mahali pa betri, ambazo hadi mwaka 1974 zilikuwa mbili za volti 6, maana huko asidi na maji vimekula mabati mengi. Hulinganisha namba iliyo kwenye kibati cha motokaa na ile iliyo kwenye hati. Kisha huomba ruhusa kuinua upande mmoja kwa jeki, mahali palipowekwa na kiwanda, huku macho yake yakiutazama ufa ulio kati ya mlango na bodi. Ufa ukibana na mlango ukikataa kufunguka, motokaa imevunjika mgongo, hata kama injini yake yaimba. Injini tusiisemee sana. Ni ya sentimita za ujazo 1,798, nzito na vumilivu, na ikichakaa hujishtaki yenyewe kwa moshi wa buluu na kwa kipimo cha mafuta kishukacho ikipata moto. Ubovu wa injini husikika. Ubovu wa boriti hauneni.

Na hapa serikali nayo imejitenga kidogo. Tangu Mei 2018, motokaa iliyotimiza miaka 40 nchini humo hailazimiki tena kupelekwa kwenye ukaguzi wa kila mwaka, ilimradi haikubadilishwa sana, kwa hoja kwamba wenye motokaa hizo huzitunza. Wengi huzitunza kweli. Lakini matokeo yake ni kwamba boriti iliyooza yaweza kukaa miaka kumi bila jicho la mkaguzi kuiona. Tena sheria humlinda anunuaye kwa mfanya biashara kuliko anunuaye kwa mtu binafsi: mfanya biashara sharti auze kitu chenye ubora wa kuridhisha, lakini mtu binafsi sharti lake kubwa ni kwamba yale asemayo yawe kweli. Juu ya yale asiyoyasema sheria hunyamaza karibu sawa naye. Twasema karibu, kwa maana sheria ya barabara ya mwaka 1988 yakataza kumwuzia mtu motokaa ya hatari aende nayo barabarani, na tungependa mwenzake wa kazini aijue kabla ya kutoa mashauri.

Swali la kunyamaza si jipya. Mwaka 44 kabla ya Kristo, Cicero alimwandikia mwanawe kitabu juu ya wajibu, akaleta humo mfano wa mtu auzaye nyumba ambayo miti yake imeoza na wadudu wamo vyumbani, wala hakuna ajuaye ila mwenyewe. Mwanafalsafa Diogenes wa Babeli alikuwa na hoja ya kumtetea: kutosema si kuficha, na hakuna aliyemlazimisha mtu kununua. Mwanafunzi wake Antipater alikataa, akaona kwamba kumwacha mtu aangukie hasara kwa kutojua ni sawa na kumwona msafiri aliyepotea njia usimwonyeshe. Cicero, ambaye hakuwa Mkristo, alishika upande wa mwanafunzi.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, alilipima jambo hilo kwa mizani ya haki. Kasoro iliyo wazi, kwa mfano farasi mwenye jicho moja, muuzaji halazimiki kuitangaza, kama amepunguza bei ipasavyo, mnunuzi aiona. Lakini kasoro iliyofichika, iletayo hasara au hatari, kama nyumba iliyo karibu kuanguka ikiuzwa kuwa imara, yampasa aitaje, na asipoitaja biashara hiyo si ya haki. Basi turubai lililochanika la MGB ni jicho la farasi. Boriti ni ile nyumba.

Kunyamaza, basi, si uwongo sikuzote. Mtu hana deni la kumweleza kila apitaye kila alijualo. Lakini twamwomba ndugu yetu aangalie vizuri alichoshauriwa. Hakushauriwa anyamaze. Ameshauriwa apake rangi kwanza, ndipo anyamaze. Rangi mpya chini ya motokaa yamwambia mnunuzi kwamba hapa pametunzwa. Ni maneno, ingawa yamesemwa kwa brashi, na maneno hayo ni uwongo. Mnunuzi akiuliza, "Boriti zikoje?" naye akajibu, "Nilizipaka mwaka huu," kila neno ni kweli na jibu zima ni uwongo. Twajua watu wasiothubutu kusema uwongo kwa kinywa, lakini mikono yao huusema kutwa.

Yuko pia muuzaji wa namna nyingine, naye hutusumbua zaidi. Huyu hakupaka kitu. Hajui, wala hataki kujua. Amemiliki motokaa yake miaka minane na hajainua zulia hata siku moja, kwa maana fundi mmoja alitikisa kichwa na yeye akaona heri asimwulize kwa nini. Akiulizwa habari za kutu, hujibu kwa moyo mweupe kwamba hajaiona. Wanateolojia wajua sana ujinga wa aina hiyo, wa mtu afumbaye macho ili dhamiri isipate la kumshtaki, nao husema kwamba haumwondolei hatia. Tungeongeza kwamba mtu huyo hujijua. Hutambulikana kwa haraka yake ya kubadili mazungumzo sumaku inapotolewa mfukoni.

Na mnunuzi je? Wakristo wengine huona haya kukagua, kana kwamba kulala chini ya motokaa ya mtu ni kumwita mwizi. Sivyo. Baba wa familia atoaye akiba ya nyumba yake bila kutazama hakuonyesha upendo kwa muuzaji. Ameonyesha uvivu, na watakaoulipia ni mke na watoto. Wahenga walikwisha kutukataza kununua mbuzi kwenye gunia. Lakini kukagua nako kuna dhambi yake. Kitabu cha Mithali chamtaja mnunuzi aliaye kwamba kitu ni kibaya, kisha akiisha kwenda zake hujisifu. Mtu huyo yu hai. Huguna mbele ya boriti nzima, hupiga-piga bati lisilo na kosa huku akitikisa kichwa, mpaka mwenyewe aanze kuionea haya motokaa yake na kushusha bei.

Yako magumu zaidi. Jaguar E-Type ilipotoka mwaka 1961, zile yapata 500 za kwanza zilikuwa na vifungo vya boneti upande wa nje, na watozao motokaa za kale hulipa bei kubwa sana kwa ajili yake. Tuseme mjane auza motokaa ya marehemu mumewe, nayo ni mojawapo ya hizo, na yeye hajui. Mnunuzi aona vile vifungo. Anyamaze? Mtakatifu Tomaso asema kwamba muuzaji akitoa dhahabu kwa kudhani ni shaba, na mnunuzi ajua, mnunuzi amenunua pasipo haki, tena yampasa kurudisha. Wako wapingao: maarifa yao waliyapata kwa jasho la miaka mingi, kwa nini wayagawe bure? Kati ya mfanya biashara na mfanya biashara, ambao wote waishi kwa ujuzi, twakiri kwamba hoja hiyo ina uzito. Mbele ya mjane aliyekwisha kukutilia chai, haina. Na mume akirudi nyumbani na mali ya namna hiyo, ajiulize kama angependa kumsimulia mkewe jinsi alivyoipata, watoto wakisikia.

Turudi kwa ndugu yetu na swali lake la pili, ambalo ndilo lenye uchungu. Amedanganywa, hatumfariji kwa kusema vinginevyo. Lakini deni lake liko kwa aliyemwuzia. Mtu wa tatu, ambaye leo hajulikani hata jina, hakuchukua kitu chake. Kama yule wa kwanza alitamka kwamba motokaa haina kutu, sheria ya Uingereza ya mwaka 1967 juu ya maelezo ya uwongo yampa njia ya kudai, naye afanye hivyo upesi, akiwa na hati na ushuhuda wa fundi, maana kuchelewa hudhoofisha madai. Kama hakutamka lolote, hasara yaweza kumwangukia yeye, na hilo ni zito. Hatutajifanya kwamba si zito kwa nyumba yenye watoto watatu. Hata hivyo si hasara ya fedha yote. Motokaa hizi zingali zapendwa, mabati yake mapya yangali yatengenezwa, na tangu mwaka 1988 hata bodi nzima mpya imekuwa ikiuzwa. Wako mafundi na vijana wanunuao MGB iliyooza wakijua imeoza, kwa furaha, kwa bei yake.

Kwa hiyo aandike katika tangazo lake kwamba boriti za pande zote mbili zimekwisha, na motokaa isiendeshwe kabla ya kutengenezwa. Ile tundu ya bisibisi aiache wazi. Mnunuzi akija amwinulie zulia yeye mwenyewe, na jeki iwe karibu.